Sahani ishirini: kuanza biashara ya chakula cha mchana baada ya kupunguzwa kazi

Nilipewa barua siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri. Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja hapa Dar es Salaam kwa miaka tisa. Barua ilisema kampuni inapunguza wafanyakazi, ikanishukuru kwa utumishi wangu, basi. Jumatatu yake niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikaoga, nikavaa, kisha nikakumbuka kwamba sina pa kwenda.

Nakuandikia wewe uliye mahali hapo sasa hivi. Wengi wetu tukipoteza ajira tunakimbilia chakula, na tuna sababu: kupika tunajua, watu wanakula kila siku, na mtaji unaonekana mdogo. Nami nilikimbilia huko, nikapoteza karibu laki tatu ndani ya wiki tano. Kosa langu lilikuwa moja tu. Nilipika kwanza, walaji nikawatafuta baadaye. Leo napika chakula ambacho tayari kina mwenyewe, na ndiyo biashara inayolisha nyumba yangu. Nitakupitisha njia yote, hatua kwa hatua, ili laki tatu zako zisipite nilikopitisha zangu.

Hatua ya kwanza: dai chako kabla hujagusa sufuria

Watu wengi hupokea barua, wakaondoka kwa uchungu na kuacha haki zao mezani. Usifanye hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28, au malipo badala ya notisi. Dai pia siku za likizo ambazo hukuzichukua. Kuna kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi, na hesabu hiyo inaishia miaka 10. Mimi kwa miaka tisa nilistahili siku 63. Hiyo ni zaidi ya miezi miwili ya mshahara, na ndiyo iliyozaa mtaji wangu. Chukua na cheti cha utumishi.

Ukiona umeachishwa kinyume cha sheria, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Siku 30 zinapita upesi sana mtu akiwa na huzuni, kwa hiyo mwambie ndugu mmoja akukumbushe.

Kama ulikuwa unakatwa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, nenda na barua yako ukaulize fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 au zaidi na hakuacha kazi kwa hiari yake anaweza kulipwa theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Pesa hiyo itakusaidia kula nyumbani huku biashara ikijifunza kutembea.

Hatua ya pili: tenga hela ya nyumba na hela ya biashara

Siku hiyohiyo hela inapoingia, igawe mafungu mawili, na yawe kwenye laini mbili tofauti za simu. Fungu la nyumba ni kodi, ada, dawa na chakula cha miezi mitatu. Kinachobaki ndicho cha biashara. Kama hakibaki kitu, anza na vyombo vya jikoni kwako. Mimi nilianza na sufuria mbili za nyumbani, jiko la mkaa na mtungi mdogo wa gesi; nilichonunua ni hotipoti mbili kubwa na sufuria moja namba kubwa.

Tafadhali sana, usianzishe biashara ya chakula kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku. Nimeona mama mmoja mtaani kwetu akibebewa friji na kochi kwa deni lililoanza na laki mbili. Faida ya sahani ya wali ni ndogo, haiwezi kubeba marejesho ya kila siku. Ukihitaji kuongezewa, tazama kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambacho unawajua wanachama wake. Halmashauri pia zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi na huchukua muda, kwa hiyo usiifanye ndiyo pesa ya kuanzia.

Hatua ya tatu: chagua mlo mmoja na saa moja

Vitumbua na chapati vinataka uamke saa tisa usiku na upate barabara yenye watu asubuhi. Chipsi zinataka fremu, jiko la mafuta mengi na usiku mrefu. Vyote ni vizuri kwa mwenye mahali pake. Lakini wewe uliyetoka ofisini una kitu kimoja ambacho muuza chapati hana: unajua watu wa ofisini wanavyokula. Unajua saa sita na nusu njaa inavyouma, nani hutoka kutafuta mama lishe juani, nani hufunga tumbo kwa soda na keki. Kwa hiyo mimi nashauri chakula cha mchana kinachopelekwa kazini, Jumatatu hadi Ijumaa.

Menyu iwe fupi. Mimi nina wali maharage na mchicha kila siku, na mboga moja inayobadilika: Jumanne nyama, Alhamisi samaki, Ijumaa pilau. Mwanzoni achana hata na hizo za kubadilika. Wali maharage ukiwa mzuri, wenye harufu ya nazi na maharage yaliyoungwa yakakolea, hakuna atakayekukataa.

Hatua ya nne: tafuta walaji kabla ya kuwasha jiko

Hapa ndipo biashara ilipo, na hapa ndipo aibu inapokaa.

Wiki mbili za kwanza baada ya barua nilikuwa nikipita njia za uani nisikutane na watu niliofanya nao kazi. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Niliposhindwa kuuza chakula changu pembeni ya barabara, jirani yangu, mama lishe wa miaka mingi, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, watu wanaokujua wako wapi?" Walikuwa palepale nilikokuwa nawakimbia. Nikaandika orodha kwenye daftari: wenzangu wa zamani, fundi wa mashine ya kunakili, dada wa mapokezi wa jengo la pili, walinzi, madereva, kijana wa duka la vifaa vya ofisi, watu wa benki niliokuwa nawapelekea hundi. Walifika 43.

Usiwatumie wote ujumbe mmoja wa tangazo. Mpigie mmoja mmoja, au mwandikie kwa jina lake. Mimi niliandika hivi: "Dada, habari za kazi? Mimi sasa napika chakula cha mchana na kuleta ofisini. Alhamisi nitaleta wali nazi, maharage na mchicha, elfu mbili. Nikuwekee sahani?" Kwa wale 43 nilipata sahani 11. Watatu walinijibu kwa pole tu. Hakuna hata mmoja aliyenicheka, na hilo nakuapia nililiogopa kuliko kufilisika.

Siku ya kwanza peleka mwenyewe. Vaa vizuri, gauni safi na kitambaa kichwani au shati lililopigwa pasi. Mpe kila mtu chakula mkononi, umwambie asante kwa jina. Jirani wa meza yake ataona na kunusa, na kesho yake atauliza. Katika kila jengo mtafute mtu mmoja anayependwa na watu, mara nyingi dada wa mapokezi au mhudumu wa chai, umwombe akukusanyie oda. Mlipe kwa sahani yake ya bure kila akifikisha oda kumi. Usimwombe msaada wa bure kila siku, atachoka.

Kisha weka kanuni hii na usiivunje: oda inafungwa saa mbili usiku. Unatuma menyu saa kumi na mbili jioni kwenye kundi la WhatsApp, watu wanajibu, saa mbili unahesabu, saa mbili na nusu unaloweka maharage. Kama oda ni 14, unapika 15 na siyo 25 kwa kuwa eti huenda wengine watatokea. Hao wengine ndio waliokula mtaji wangu wa kwanza.

Hatua ya tano: hesabu sahani yako hadi shilingi ya mwisho

Chukua kalamu. Huu ni mfano wa sahani 20 za wali maharage na mchicha kwa bei nilizokuwa nanunua mimi. Wewe weka za soko lako.

Mchele kilo 3 kwa 2,800: 8,400
Maharage kilo 1 na nusu kwa 3,000: 4,500
Mafuta robo tatu lita: 4,500
Nazi 3: 3,000
Nyanya, vitunguu, karoti: 3,500
Mchicha, ndimu, pilipili: 2,500
Mkaa na gesi: 3,000
Maji, sabuni, chumvi: 1,200
Bajaji: 2,000

Jumla ni 32,600. Ukiuza zote 20 kwa 2,000 unapata 40,000, na faida ni 7,400. Sasa soma kinachofuata polepole. Sahani 3 zisipouzwa, unabaki na faida ya 1,400. Zikilala 4, umepata hasara ya 600 baada ya kuamka alfajiri na kusimama kwenye moshi nusu siku. Tofauti ya biashara inayoishi na inayokufa ni sahani nne. Nilipoiona hesabu hii ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nachoka kila siku na hela haionekani.

Angalia na vifungashio. Chombo cha foili cha shilingi 200 kwa sahani 20 ni 4,000, zaidi ya nusu ya faida yako yote. Ndiyo maana mimi napakulia palepale ofisini kutoka kwenye hotipoti, au mteja anakuwa na bakuli lake lenye jina. Anayetaka foili anaongeza 200, na huwa namweleza sababu bila kuona haya. Wakati huohuo kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019; tumia kapu.

Sahani zikifika 40 mambo yanageuka. Vitu vya kupika, kuanzia mchele hadi pilipili, vinakuwa mara mbili, kutoka 26,400 hadi 52,800, lakini mkaa unapanda hadi 4,500 tu, maji na sabuni 2,000, na bajaji ni ileile ya 2,000. Jumla 61,300, mauzo 80,000, faida 18,700. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni zaidi ya laki nne kwa mwezi. Kwa hiyo ukitaka kukua, tafuta walaji wengi ndani ya jengo moja au majengo yanayopakana, usiende kutafuta watano Posta na watano Mwenge. Umbali utakumaliza.

Kununua kwa jumla kunasaidia, ila subiri. Mimi naishi Mwananyamala, na soko la nafaka la Tandale liko karibu, kwa hiyo nanunua mchele wa wiki mbili kwa pamoja na maharage kilo kumi. Nyanya na mchicha nanunua kila siku, kwani vinaoza. Mchele mzuri wa Kyela au Mbeya ni ghali kidogo, lakini unanukia wenyewe na haugeuki ubwabwa bakulini. Usibanie kwenye mchele.

Hatua ya sita: panga usiku na asubuhi yako

Maharage yaloweke usiku, maji ya kulowekea uyamwage, na uyachemshe kwa moto mkali kabla ya kupunguza. Ya njano huiva upesi kuliko mekundu, na mkaa wake unauona kwenye daftari. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yanakuwa jikoni. Wakati yanachemka unakuna nazi, unakamua tui zito na kuliweka kando, la pili unalitumia kwenye wali. Saa tatu unachambua na kuosha mchicha mara tatu, mchanga ukibaki hata chembe mteja hatausahau. Saa nne na nusu wali unaingia jikoni, unapaliwa makaa juu ya mfuniko. Maharage unayaunga na kuyatia tui zito mwishoni. Saa tano na nusu kila kitu kiko ndani ya hotipoti, saa sita kasorobo bajaji iko mlangoni.

Hotipoti zioshwe kwa maji ya moto kabla ya kupakia, zikiwa na joto hulinda joto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 hadi kinapoliwa, na kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwa joto la Dar, wali wa nazi uliopoa na kuachwa wazi unachacha haraka. Usiuze cha jana, hata kama hujaona kasoro. Kimebaki? Kiliwe nyumbani jioni ileile.

Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia hapahapa Dar es Salaam, na sisi wa chakula tunatazamwa kwanza ugonjwa unapoingia. Maji ya kunawa yanayotiririka, sabuni, kucha fupi, nywele zimefungwa. Ukiumwa tumbo, siku hiyo usipike. Waambie wateja ukweli, watakuheshimu.

Hatua ya saba: karatasi

Anza na afisa afya wa kata. Atakueleza upimaji wa afya wa watu wanaoshika chakula, unaorudiwa kila miezi 6, na atataka kuona jiko, choo na maji yako. Nenda mwenyewe kabla hajaja.

TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, bila malipo. Anayekuomba hela ya kukupatia TIN anakuibia. Leseni ya biashara ulizia halmashauri yako. Kuhusu kodi, mjasiriamali mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Lakini piga hesabu: sahani 20 kwa siku 22 kwa miezi 12 ni zaidi ya milioni 10 za mauzo. Umeshavuka. Mwenye kumbukumbu hulipa kulingana na mauzo yake. Asiye nazo hupangiwa kiasi cha mkupuo, ambacho mara nyingi kinamuumiza zaidi. Hapo daftari lako na malipo ya Lipa namba, yale ya kwenye simu, vitakutetea. Siku ukitaka kufungasha kitu cha kuuza madukani, achari au pilipili kwa mfano, hapo utahitaji kibali cha TBS, shirika la viwango, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, ndio wa kuanza nao.

Hatua ya nane: madeni

"Nitakupa mwisho wa mwezi." Sentensi hii imefunga majiko mengi kuliko mvua. Ni ngumu kuikataa kwa sababu anayeisema ni mtu uliyekula naye meza moja miaka tisa. Mimi niliwahi kuwa na laki moja na themanini kwa watu kumi na wawili, wote wazuri, wote wanaonipenda, na asubuhi sina hela ya mchele.

Sasa nina njia mbili tu. Unalipa kwa Lipa namba unapotoa oda usiku, au unalipa wiki nzima Jumatatu, 10,000, na mwenye kulipa wiki nampa kachumbari na tunda kila siku. Anayesema hana nampa mlo mmoja kwa moyo mweupe, nauandika kama sadaka, lakini siandiki deni. Ukikataa, kataa kwa upole na faragha: "Kaka yangu, hela yako ndiyo mchele wa kesho." Nilipoteza wateja wawili kwa kanuni hii. Mmoja alirudi.

Hatua ya tisa: miezi migumu

Ramadhani oda za mchana hushuka sana. Mwaka wa kwanza nilikaa nikilia. Mwaka wa pili niligeuza jiko: oda za futari zinafungwa saa ileile, saa mbili usiku wa kuamkia siku yenyewe, napika magimbi, mihogo ya nazi, maharage, tambi na uji wa pilipili manga, na kupeleka saa kumi na nusu kabla watu hawajatoka kazini. Wanaotoka ofisini wakiwa wamefunga hawana muda wa kupika. Futari iliyo tayari kubebwa ni msaada mkubwa kwao. Wale wasiofunga nawapikia sahani chache mchana kwa oda.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nyanya hupanda, mchicha unakuwa mdogo na bajaji inakwama. Ongeza nusu saa kwenye ratiba, na badala ya mchicha tumia kabichi. Usipandishe bei kwa ajili ya wiki mbili za nyanya. Punguza nyanya, ongeza karoti. Bei pandisha mara moja kwa mwaka, Januari ipite kwanza kwa sababu ya ada za shule, na watangazie wateja wiki mbili kabla.

Sahani zikifika 40 kwa wiki nne mfululizo, chukua msaidizi. Mimi nilimchukua binti wa jirani, namlipa kila Ijumaa kabla sijajilipa mimi, na anakula jikoni. Kazi yake ya kwanza haikuwa kupika. Nilimpa daftari la oda na simu ya biashara, nikamfundisha kuhesabu sahani saa mbili usiku.